Kunyimwa, kujinyima na kujikana: udumifu wa Mkristo mhamiaji katika mtaa wa Al Baraha

  Tafakari hii inahusu fadhila mbili zinazosifiwa na wengi na kuzoewa na wachache, yaani udumifu na kujikana nafsi. Inaziangalia kutoka mahali ambapo huenda wengi wasingepatarajia: mtaa wa Al Baraha, katika jiji la Dubai, Falme za Kiarabu.

Al Baraha ni sehemu ya Deira, ule upande wa mji wa kale ulioko mashariki mwa hori ya Dubai. Jina lake kwa Kiarabu lina maana ya uwanja wa wazi ulioachwa kati ya nyumba. Hapo ipo Hospitali ya Al Baraha, iliyozoeleka pia kwa jina la Hospitali ya Kuwait, na karibu yake yapo masoko na maduka ya Deira ambayo wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanayajua vizuri. Pande hizi ndiko wanakofikia pia watu wengi wanaotafuta riziki: walinzi, wasafishaji, wapishi, wauzaji wa dukani na mayaya. Kwa wengi wao kodi ya chumba kizima haibebeki. Mtu hukodi kitanda tu, katika chumba anachoshirikiana na wenzake wanne, sita au zaidi. Pazia ndilo ukuta wake, na sanduku lililosukumwa chini ya kitanda ndilo kabati lake.

Mtu anayeishi hivyo hahitaji kufundishwa maana ya kukosa. Yuko mbali na mke au mume, mbali na watoto wanaokua bila yeye, mbali na makaburi ya wazazi wake. Basi swali ni hili: mtu ambaye maisha yenyewe yamekwisha kumnyima mengi anaambiwa nini pale Injili inapomtaka mwanafunzi wa Kristo aikane nafsi yake na kuubeba msalaba? Je, huo si mzigo juu ya mzigo?

Mpendwa msikilizaji, lugha ya Kiswahili yenyewe inasaidia kulijibu swali hili, kwa kuwa ina maneno matatu yanayokaribiana bila kuwa kitu kimoja: kunyimwa, kujinyima na kujikana.

Kunyimwa ni jambo analotendewa mtu. Umaskini humnyima, umbali humnyima, mwajiri dhalimu humnyima. Ndani ya kunyimwa peke yake hamna fadhila yoyote. Njaa haimtakasi mtu kwa sababu tu ni njaa. Yaweza hata kumfanya awe mkali, mwenye wivu na mwenye kinyongo. Ni kosa kubwa la wahubiri kuusifu ufukara wa mtu mwingine kana kwamba tayari ni utakatifu.

Kujinyima ni hatua ya pili. Hapa mtu mwenyewe anaamua. Mlinzi anayemaliza zamu ya saa kumi na mbili anapita mbele ya mgahawa, ananusa pilau, anaendelea na safari hadi kwenye mkate na chai yake, kwa sababu mwishoni mwa mwezi kuna karo ya shule inayosubiriwa Mwanza, Kakamega au Mbarara. Huo ni uhuru wa kweli, na unastahili heshima. Amechagua jambo kubwa na kuliacha dogo.

Hata hivyo, kujinyima nako kuna mpaka wake. Mtu anaweza kujinyima chakula, usingizi na starehe kwa miaka kumi, na bado nafsi yake ikabaki imeketi kwenye kiti cha enzi. Akipiga simu nyumbani anadai kutiiwa kwa sababu yeye ndiye anayelisha ukoo. Akiombwa msaada anahesabu kila shilingi aliyowahi kutuma. Akiwatazama wenzake chumbani wanaokula vizuri zaidi, anawadharau. Amejinyima kila kitu isipokuwa nafsi yake. Sadaka yake imegeuka kuwa deni ambalo dunia nzima inatakiwa kumlipa.

Hapo ndipo linapoingia neno la tatu, kujikana. Kukana ni kusema kuhusu mtu au jambo: simjui, si wangu, hana amri juu yangu. Katika Biblia ya Kiswahili kitenzi hiki kinatokea mahali pawili ambapo ni vizuri pasomwe pamoja. Kinatumika Kristo anapowaeleza wanafunzi sharti la kumfuata, na kinatumika tena usiku ule Petro, akiwa uani kwa Kuhani Mkuu, aliposema mara tatu kwamba hamfahamu mtu yule aliyekamatwa. Petro alimkana Bwana ili aiokoe nafsi yake. Mwanafunzi anaitwa kufanya kinyume chake: aikane nafsi ili asimkane Bwana, wala asimkane jirani. Kila siku mmoja wa hao hukanwa. Swali ni yupi.

Kwa hiyo kujikana si kujichukia wala kujidharau. Ni kuiambia nafsi inayodai kuabudiwa kwamba haitambuliwi kuwa bwana wa nyumba. Na kipimo chake si ukubwa wa kitu kilichoachwa, bali ni upendo uliopata nafasi baada ya kitu hicho kuachwa. Yule mlinzi anayekula mkate na chai anakuwa mwanafunzi wa Msalaba pale anapotuma karo bila kuhesabia deni, na pale anapogundua kwamba mwenzake wa kitanda cha juu hana hata huo mkate, akaumega.

Mpendwa msikilizaji, kuanza si kazi ngumu sana. Wengi hutua uwanja wa ndege wakiwa na nadhiri nzuri: kusali kila siku, kutokunywa, kuwa waaminifu katika ndoa, kuweka akiba. Ugumu ni mwezi wa nane, au mwaka wa tatu. Hapo ndipo udumifu unapojaribiwa, na watu waliolichunguza jaribu hili kwa makini kuliko wengine wote waliishi jangwani.

Mmoja wao ni Evagrius wa Ponto, aliyefariki dunia mwaka 399 katika jangwa la Misri baada ya kuishi huko kama mmonaki kwa miaka mingi. Evagrius aliandika juu ya mawazo mabaya yanayomshambulia mtu wa sala, na kati ya hayo alilitaja moja kuwa zito kuliko yote: uchovu wa roho, ambao mapokeo yameuita pepo wa adhuhuri. Alieleza kwamba huja kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jua huonekana kama limesimama. Siku huwa ndefu mno. Mmonaki huanza kuchungulia dirishani, kuangalia kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Kisha anapachukia mahali alipo, anaichukia kazi ya mikono yake, anahisi kwamba upendo umetoweka kati ya ndugu zake. Halafu anawakumbuka jamaa zake na maisha yake ya zamani, na anaonyeshwa jinsi miaka iliyobaki ilivyo mirefu.

Mlinzi aliyesimama langoni mwa jengo huko Deira, au yaya anayesubiri watoto waamke, hahitaji kuelezwa zaidi. Miaka zaidi ya 1,600 imepita, na pepo huyo hajabadili mbinu zake, ila tu dirisha limekuwa simu ya mkononi. Katika Falme za Kiarabu sheria inakataza kazi za nje chini ya jua kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, kati ya tarehe 15 Juni na tarehe 15 Septemba. Sheria hiyo inaulinda mwili. Roho nayo ina adhuhuri yake, na hiyo hudumu hata msimu wa baridi.

Je, wazee wa jangwani walitoa dawa gani? Cha kushangaza ni kwamba hawakupendekeza matendo makubwa. Walimshauri mtu asikimbie mahali pake, aendelee na kazi ndogo ya mikono, asali sala fupi tena na tena, akumbuke kwamba siku moja atakufa, na asifanye uamuzi mzito wakati wa giza hilo. Kwa maneno mengine, udumifu haujengwi kwa kukaza meno. Hujengwa kwa kanuni ndogo inayotunzwa hata pasipo hamu.

Wala mtu asidhani kwamba mafundisho haya ni mageni katika Ghuba. Katika kisiwa cha Sir Bani Yas, magharibi mwa Abu Dhabi, wataalamu wa mambo ya kale waligundua mwaka 1992 mabaki ya monasteri ya Kikristo ya karne ya 7 na ya 8, iliyokuwa ya Kanisa la Mashariki. Mwezi Novemba mwaka 2022 ikatangazwa kugunduliwa kwa monasteri nyingine katika kisiwa cha Siniyah, Umm al-Quwain, kaskazini-mashariki mwa Dubai. Basi katika pwani hii hii yenye joto na maji ya chumvi, wanaume waliacha kila kitu, wakasali, wakavua, wakafa, wala majina yao hayakumbukwi.

Kutoka ukanda huo huo wa Ghuba, nchi iliyoitwa Beth Qatraye na wanaozungumza Kisiria, alitoka katika karne ya 7 Isaka wa Ninawi, mmoja wa walimu wakubwa wa maisha ya kiroho. Aliwekwa kuwa askofu wa Ninawi, lakini baada ya miezi mitano tu alijiuzulu na kwenda kuishi upwekeni milimani. Mapokeo yanasimulia kwamba alipofuka macho kwa wingi wa kusoma. Mwaka 2024 hayati Papa Francisko alitangaza kwamba jina lake litaingizwa katika orodha ya watakatifu ya Kanisa la Roma, ingawa Isaka alikuwa wa Kanisa ambalo kwa karne nyingi halikuwa na ushirika na Roma. Isaka alifundisha kwamba zoezi dogo linalodumishwa bila kukatika lina nguvu kubwa, kama tone laini linavyotoboa jiwe gumu. Wahenga wa Kiswahili wangemwelewa mara moja, kwani nao walisema: haba na haba hujaza kibaba.

Katika Al Baraha haba hiyo ina sura inayoonekana. Kanisa haliko mtaani. Anayetaka kushiriki Misa katika Kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo jumuiya yake ilipata nyumba yake ya kwanza ya ibada mwaka 1967 juu ya ardhi iliyotolewa na Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, inambidi avuke hori hadi Oud Metha. Huko huko lipo pia Kanisa la Kianglikana la Utatu Mtakatifu. Njia ya Kijani ya metro, iliyofunguliwa mwaka 2011, hupita chini ya hori na kufika huko. Kwa miaka mingi waamini wengi walifanya ibada ya Dominika siku ya Ijumaa, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki serikalini yakahamia Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa mchana. Lakini mlinzi na yaya hawafuati kalenda ya ofisi. Wapo wanaokwenda ibadani moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, macho yakiwa mazito. Wakisinzia wakati wa mahubiri, mwili wao umekuja na kusema yale ambayo midomo haina nguvu ya kusema.

Mpendwa msikilizaji, hapa panahitajika onyo. Neno uvumilivu limetumiwa mara nyingi kuwanyamazisha wanyonge. Binti anayefanya kazi za ndani, ambaye hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa, au anayepigwa, huambiwa na ndugu zake kwa simu: vumilia, mvumilivu hula mbivu. Je, huo ndio msalaba ambao Injili inausema?

Jibu linapatikana katika maisha ya binti wa Kiafrika ambaye naye alikuwa yaya ughaibuni. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, nchini Sudan, yapata mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, na mwili wake ulibaki na makovu zaidi ya mia moja. Jina Bakhita alipewa na watekaji, na asili yake ni moja na neno la Kiswahili bahati. Mwaka 1885 alifikishwa Italia, na huko akawa mlezi wa mtoto wa familia ya Michieli. Mwaka 1889 mwajiri wake alipotaka kumrudisha Suakin, kwenye Bahari ya Shamu, Bakhita alikataa kutoka katika nyumba ya masista Wakanosa wa Venice, alikokuwa akifundishwa imani. Alimpenda sana yule mtoto aliyemlea, na kuachana naye kulimwumiza. Hata hivyo alisema hapana. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Venice ilithibitisha kwamba yeye ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa.

Mwanamke huyu aliyekataa kutii amri ya bibi yake ndiye baadaye, kwa hiari, aliyejifunga kwa nadhiri ya utii. Huko Schio, kuanzia mwaka 1902, alipika, alishona, alitarizi na kukaa mlangoni kama bawabu, hadi alipofariki dunia tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Kazi zilifanana: jikoni, sindano, mlango. Tofauti ni kwamba kwanza alinyimwa, na baadaye alijitoa. Huwezi kutoa nafsi ambayo mwingine ameipora. Ndiyo maana kuitetea hadhi ya mtu si kinyume cha kujikana. Ni sharti lake.

Kwa hiyo yaya aliyeko Dubai anayepeleka malalamiko yake mbele ya sheria hajaukimbia msalaba. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2022 kuhusu wafanyakazi wa ndani inampa siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki, saa zisizopungua 12 za kupumzika kwa siku, nane kati ya hizo zikiwa mfululizo, na haki ya kubaki na hati zake za utambulisho. Tanzania na Kenya zina ofisi za ubalozi mdogo mjini Dubai. Kubisha hodi huko nako kunahitaji udumifu, na pengine ujasiri mkubwa kuliko kunyamaza. Na ndugu walioko nyumbani wanaposema vumilia, wajiulize kwanza kama wanaitunza roho ya binti yao au wanaulinda mshahara wake.

Jambo la mwisho linahusu siri. Kristo aliwafundisha wanafunzi wake kwamba anayefunga asijionyeshe mbele ya watu kwa uso wa huzuni. Mkristo wa Al Baraha ana jirani anayeweza kumkumbusha somo hili kila mwaka. Mwaka 2025 mfungo wa Ramadhani ulianza nchini humo tarehe 1 Machi, na siku nne baadaye ilikuwa Jumatano ya Majivu. Katika chumba kimoja, huyu aliamka kula daku, yule akajipangia kuacha nyama na sigara hadi Pasaka. Anayeona mwenzake akifanya kazi kutwa bila hata tone la maji, tena bila kulalamika, ana sababu ya kuona haya anapotaka kuutangaza mfungo wake mdogo. Na anayejizuia kula mbele ya jirani aliyefunga amekwisha kujikana kidogo, bila mtu kumpigia makofi.

Alipoadhimisha Misa katika uwanja wa Zayed mjini Abu Dhabi tarehe 5 Februari 2019, mbele ya waamini zaidi ya laki moja, Papa Francisko alikiri kwamba si rahisi kuishi mbali na nyumbani, kuukosa upendo wa watu wa karibu na kutokuwa na hakika ya kesho. Hakuwaambia wahamiaji hao watende makuu. Aliwakumbusha kwamba Bwana ni mwaminifu wala hawaachi walio wake.

Methali inaahidi kwamba mvumilivu hula mbivu, na mara nyingi ni kweli. Lakini wapo wasioziona hizo mbivu. Nyumba iliyojengwa kwa pesa za Dubai hukaliwa na wengine, mtoto aliyesomeshwa huenda asirudi kushukuru, kiwanja hutapeliwa. Aliyejinyima tu atasema amepoteza miaka yake yote. Aliyejikana atalia pia, kwa maana yeye ni mwanadamu, lakini hakuwa amempenda mtu kwa mkopo. Alichotoa kilikwisha kufika pale kilipotolewa.

Basi, mpendwa msikilizaji, ikiwa umo katika adhuhuri ya roho hivi sasa, iwe ni Al Baraha, Muscat, Goma au Minneapolis, usianze na nadhiri kumi. Chagua jambo moja dogo: sala moja fupi kabla ya zamu, simu moja nyumbani isiyo na madai, kipande kimoja cha mkate kwa aliye jirani. Lifanye leo, na kesho lifanye tena, hata kama hamu haipo. Nyumba za Al Baraha zimesongamana, lakini hata nyuma ya pazia la kitanda kimoja moyo unaweza kubaki kama jina la mtaa huo, uwanja ulioachwa wazi kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya mwingine.